Kisanduku cha Mguu na Besi Inayopotea Njiani

Mwanamuziki anayepiga gita na kuimba peke yake ana mikono miwili, na yote ina kazi. Umebaki mguu, na katika muziki wetu mguu haujawahi kukaa bure. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huvaa pete nzito ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mti wa nyatiti yenyewe, huku njuga za gara zikilia mguuni. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliifikisha nyatiti hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Wapemba wana msewe wa kufunga miguuni, Wagogo wana njuga zao. Hapa Johannesburg, wafanyakazi wahamiaji wa migodi ya dhahabu walikanyaga na kupiga makofi kwenye mabuti yao ya mpira mpaka ikawa ngoma inayojulikana dunia nzima. Na ng'ambo ya Atlantiki, John Lee Hooker alirekodi "Boogie Chillen'" mwaka 1948 akiwa na gita moja, sauti yake na mguu unaokanyaga.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama kisanduku cha mguu, yaani sanduku la mbao lenye kinasa ndani linalokanyagwa badala ya ngoma, ni mchezo wa kitoto au ni chombo kamili, jibu langu ni fupi: ni chombo, na kinastahili kutengenezwa kwa uangalifu kama gita lenyewe.

Braamfontein ndipo mahali pa kukihitaji. Ni mtaa ulioko juu ya stesheni ya Park, unapomaliza kuvuka Daraja la Nelson Mandela lililofunguliwa mwaka 2003, na umejaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Penye wanafunzi hapakosi bendi changa. The Orbit, klabu ya jazi iliyokuwa De Korte Street, ilifunguliwa mwaka 2014 na kufungwa mwaka 2019. Klabu ya namna ile ina jukwaa la kuweka seti nzima ya ngoma, lakini kona ya mkahawa au ya baa haina. Unapewa meta mbili za sakafu, plagi moja ya umeme na mikisa yenye matundu machache, kisha unatakiwa ujaze chumba. Kisanduku kinachoingia kwenye mfuko wa mgongoni kinafanya kazi ambayo ngoma kubwa ingeifanya, na hakihitaji gari la kukibeba.

Tatizo ni kwamba vingi kati ya visanduku hivyo vinavyotengenezwa nyumbani havitoi "du". Vinatoa "ko", kama mtu anayebisha hodi. Mwenyewe akisikia hivyo hulaumu mbao: anatafuta plaiwudi nene zaidi, anaongeza ukubwa wa sanduku, anabadilisha viatu. Namwomba asimame kwanza. Katika visanduku vya piezo, besi haipotelei kwenye mbao mara nyingi. Inapotelea kati ya kinasa na tundu ulilochomeka kebo, na kuiokoa kunagharimu bei ya kapasita moja.

Kinasa chenyewe cha piezo ni kisahani cha shaba ya njano chenye duara jeupe la seramiki katikati, na juu ya seramiki hiyo kuna rangi ya fedha. Ndicho hicho kilichomo kwenye saa za mezani, kwenye kengele za milango na kwenye vitu vya kuchezea vya watoto vinavyolia. Jambo linaloviendesha liligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880: fuwele fulani zikibanwa au kupindwa huzaa umeme. Ukikanyaga ubao, ubao unapinda kidogo, kisahani kilichogandishwa chini yake kinapinda nao, na volti inatokea kati ya shaba na fedha.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Kisahani cha piezo hakifanani na kinasa cha sumaku cha gita la umeme. Kinafanana na kapasita. Kile cha kipenyo cha milimita 27, ambacho ndicho rahisi kukipata, kina takriban nanofaradi 20. Umeme unaozalishwa na mguu wako unakaa kwenye kapasita hiyo ndogo, na mara tu unapochomeka kebo, ukinzani wa tundu la kuingizia unaanza kuumwaga. Ukinzani ukiwa mdogo, umeme unamwagika haraka, na mawimbi ya polepole, yaani besi, yanakuwa yameisha kabla hayajasikika. Mawimbi ya haraka ndiyo yanayopenya. Hiyo ndiyo "ko" yako.

Hesabu yake si ngumu. Zidisha ukinzani kwa ukubwa wa kapasita, zidisha tena kwa 6.28, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo. Unapata kiwango cha hezi ambacho chini yake sauti inaanza kuporomoka. Tundu la kawaida la laini kwenye mikisa lina ukinzani wa omu 10,000 hivi. Kwa kisahani cha nanofaradi 20, jibu ni karibu hezi 800. Yaani kila kitu kilicho chini ya sauti za juu za mwanamke anayeimba kimeanza kukatwa, na pigo la mguu, ambalo uzito wake uko kati ya hezi 60 na 120, halina nafasi kabisa. Chomeka kisanduku hichohicho kwenye boksi la DI (kile kiunganishi kati ya chombo na mikisa) lisilotumia umeme, ambalo lina ukinzani wa omu 140,000 hivi, na mpaka unashuka hadi karibu hezi 57. Sasa unaanza kusikia tumbo la sanduku. Kipeleke kwenye amplifaya ya gita yenye tundu la omu milioni 1 na mpaka unakuwa hezi 8, chini kuliko sikio la binadamu linavyofika. Mbao haikubadilika. Kiatu hakikubadilika.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi mitambo wa ukumbi ni hili: ninachomeka wapi? Kama ana boksi la DI linalotumia umeme, lenye ukinzani wa omu milioni 1 au zaidi, mwombe hilo. Kama una pedali ya gita iliyotengenezwa kwa ajili ya vinasa vya piezo, ipitishie humo kwanza. Na kama hujui utakuta nini, jambo ambalo ndilo la kawaida kwa anayepiga leo Juta Street ya hapa Braamfontein na kesho mahali pengine, tengeneza kisanduku kisichojali.

Njia ninayoipenda kwa kisanduku cha kukanyagia ni kapasita ya nanofaradi 100, iliyoungwa sambamba na kisahani, yaani mguu mmoja wa kapasita kwenye waya mwekundu wa kisahani na mwingine kwenye waya mweusi. Tafuta ile ya plastiki, yenye umbo la kipande kidogo cha peremende, iliyoandikwa 104. Ziepuke zile za seramiki za bei rahisi, kwa sababu nyingine nazo zinaitikia mtikisiko na kuongeza kelele zake. Kapasita hii inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inapunguza nguvu ya sauti hadi karibu sehemu moja ya sita, kwa kuwa umeme uleule sasa unajaza chombo kikubwa zaidi. Na inashusha ule mpaka wa besi kwa kiasi hichohicho: kwenye DI ya omu 140,000 unatoka hezi 57 hadi chini ya hezi 10. Kwenye tundu la omu 10,000 unatoka hezi 800 hadi hezi 133. Huko bado si kuzuri, lakini ni tofauti ya kisanduku kinachosikika na kisichosikika.

Mpiga gita anaweza kusikitika kupoteza nguvu ya sauti. Kwa kisanduku cha mguu hakuna cha kusikitikia. Kisigino cha mtu mzima kinaweza kukifanya kisahani kitoe volti nyingi kupindukia, kiasi cha kuifanya pedali yoyote ikwaruze. Unachokitupa ni ziada ambayo ingekuletea matatizo, na unachokipata ndicho ulichokuwa unakitafuta. Ningependa kila anayeuza vifurushi vya kujitengenezea visanduku atie 104 moja ndani ya mfuko.

Sasa waya. Ukiweza, nunua kisahani ambacho tayari kina waya, mwekundu kwenye fedha na mweusi kwenye shaba. Kulehemu kwenye seramiki kunataka mkono mwepesi: joto likizidi, seramiki inapoteza ule mpangilio wa ndani unaoiwezesha kuzaa umeme, au rangi ya fedha inabanduka. Kama huna budi, kwangua shaba kidogo kwa msasa, itie risasi kwanza, itie risasi na ncha ya waya, kisha ziunganishe. Kwenye fedha, gusa kwa pasi sekunde moja na uondoke. Risasi ikikataa kushika, subiri ipoe ndipo ujaribu tena. Usikandamize.

Waya wa shaba, yaani mweusi, unakwenda kwenye mwili wa soketi ya jeki ya milimita 6.35. Waya wa fedha, mwekundu, unakwenda kwenye kile kiwiko cha soketi kinachogusa ncha ya plagi. Usizigeuze. Ukizigeuza sauti itatoka vilevile, lakini bamba lote la shaba litakuwa ndilo linalobeba sauti, nalo litadaka mngurumo wa umeme wa jengo kama antena. Waya zinazokuja na kisahani ni nyembamba mno na hukatika pale zilipolehemiwa, kwa sababu sanduku lote linatikisika kila unapokanyaga. Gandisha waya kwenye mbao kwa tone la gundi ya moto, sentimeta 2 hivi kutoka kwenye kisahani, ili mvuto usifike kwenye kiungo. Visanduku vingi ninavyoletewa vikiwa "vimekufa" havina ugonjwa mwingine zaidi ya waya uliokatika hapo.

Kutoka kisahani hadi soketi, kama umbali unazidi urefu wa kidole, tumia kebo yenye wavu wa shaba kuzunguka waya wa ndani. Wavu uende kwenye shaba ya kisahani na kwenye mwili wa soketi. Kisha fungasha kisahani chenyewe: kwanza utepe wa kuzuia umeme juu ya seramiki yote, halafu karatasi ya shaba yenye gundi, na karatasi hiyo iguse mwili wa soketi. Karatasi ya alumini ya jikoni nayo inafaa, ila haishiki risasi, kwa hiyo ibane chini ya nati ya soketi. Umeme wa Afrika Kusini ni volti 230 kwa hezi 50, na mngurumo wake unakaa palepale besi yako inapokaa. Ukishauruhusu kuingia, huwezi kuuondoa kwa ikwalaiza bila kuondoa na mguu wako.

Upimaji ni rahisi. Mita ya kawaida ikiwekwa kwenye omu haitakuonyesha kitu, na hiyo ndiyo dalili nzuri, maana kisahani kizima hakipitishi umeme wa betri. Ikionyesha ukinzani mdogo, kuna mahali risasi imemwagika ikagusa pande zote mbili. Mita yenye kipimo cha kapasita ikuonyeshe nanofaradi 20 au karibu na hapo kabla hujaongeza 104, na 120 hivi baada ya kuiongeza. Seramiki ikiwa imepasuka namba inashuka. Sauti bado itatoka, lakini dhaifu, nawe utahangaika kutafuta kosa kwenye mikisa.

Kugandisha ndiko kunakoamua tabia ya sauti. Kisahani kilichoachwa huru kinapenda kulia karibu na hezi 4,000, maana ndicho kilichoundiwa, kuwa king'ora kidogo. Ukikishika nusu nusu kwa kipande cha utepe, kile kilio kitabaki juu ya kila pigo. Mimi nashauri utepe wa pande mbili utumike kutafutia mahali tu. Kibandike, kanyaga, sikiliza, kihamishe. Usikiweke moja kwa moja chini ya nyayo, kwa kuwa hapo utasikia kila mchanga ulioko kwenye soli na kila msuguano wa kiatu. Jaribu theluthi moja ya njia kutoka ukingoni, na uamini sikio. Ukishapata mahali, kigandishe shaba yote kwa gundi ngumu ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, bila kuacha hewa chini yake. Ikikauka, funika mgongo wake kwa silikoni au gundi ya moto. Ukitaka pigo lililo laini zaidi, weka kwanza kipande cha koki cha milimita 2 kati ya mbao na kisahani: kinakula ule ukali wa mwanzo. Skrubu ya kubana kisahani usiifikirie kabisa, seramiki itapasuka.

Kuhusu sanduku napita haraka. Plaiwudi ya milimita 9 au 12 juu, sentimeta 30 kwa 20, kimo cha kutosha soketi na kidole, mteremko kidogo kuelekea kwako. Miguu minene ya mpira chini si pambo. Inazuia kisanduku kukimbia sakafuni, inazuia mtikisiko wa spika kupanda kupitia sakafu na kuanzisha mlio wa kujirudia, na ukifanyia mazoezi kwenye ghorofa, jirani wa chini atakushukuru.

Watu wanapenda kuweka visahani viwili, kimoja cha kisigino na kimoja cha vidole. Inawezekana, viungwe sambamba, fedha na fedha, shaba na shaba. Lakini viweke vyote kwenye ubao uleule. Kimoja kikiwa kwenye ubao wa juu na kingine kwenye wa chini, vinaweza kupinda kinyume na kufutana, na kinachofutika kwanza ni besi. Jaribio lake: sikiliza kimoja, kisha unga cha pili. Sauti ikikonda badala ya kunenepa, vinapigana. Kwa mtazamo wangu kimoja kilichowekwa vizuri kinatosha, na muda uliobaki ufanyie mazoezi ya mguu.

Kuna njia nyingine kwa anayetaka "du" tupu bila "ko" hata kidogo: spika iliyogeuzwa kuwa maikrofoni. Studio nyingi zimetumia spika ya besi ya Yamaha NS10 mbele ya ngoma kubwa kwa kazi hiyohiyo. Chukua spika ndogo ya omu 8, ya redio ya zamani au ya gari, ifunge ndani ya sanduku ikitazama ubao wa juu kwa nafasi ya sentimeta 2 au 3. Ubao ukishuka, hewa inasukuma koni, na koili inazaa umeme. Ukinzani wake ni mdogo, kwa hiyo haina yale matatizo yote ya piezo. Peleka waya zake mbili kwenye pini ya 2 na ya 3 ya plagi ya maikrofoni, bila kugusa pini ya 1, ambayo wavu wa kebo ndio unaoishika. Ni nzito zaidi, inachukua nafasi, na inasikia pia besi ya jukwaani kwa sababu ni maikrofoni kweli. Kwenye kona ndogo yenye spika karibu, piezo inakaa kimya zaidi.

Asiyeamini kwamba kinasa cha kujitengenezea kinaweza kubeba muziki mzima amsikilize Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa Konono No. 1 ya Kinshasa. Alikuza sauti ya likembe, ala ya vibamba vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwa vinasa alivyovitengeneza kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu, na mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ukawa ndio sura ya bendi. Albamu ya Congotronics iliyotoka mwaka 2004 iliwafanya wasikilizaji wa mbali wausikie muziki huo. Mkwaruzo wa Konono umechaguliwa na masikio yanayojua yanachotaka. Mkwaruzo wa kisanduku kilicholehemiwa vibaya haujachaguliwa na mtu, na msikilizaji anaitofautisha mara moja.

Siku ya onyesho, kuna mambo machache ya kumwambia fundi mitambo kabla hujaanza kujaribu vyombo. Mwambie hiki ni kisanduku cha mguu, si gita, ili asikipandishe sauti kwa mazoea. Aanze na sauti ikiwa chini, wewe ukanyage kwa nguvu utakayoitumia kwenye wimbo wenye nguvu kuliko zote. Kwa kuwa sasa kisanduku chako kinashuka hadi hezi 10, akate kila kilicho chini ya hezi 30 au 40, la sivyo koni za spika zitakuwa zinasogea kwa uzito wa mguu wako bila mtu kusikia kitu, na amplifaya itachoka bure. Juu ya hezi 2,000 apunguze kidogo kidogo mpaka kiatu kisisikike na pigo libaki. Akitaka kuongeza besi, azunguke karibu na hezi 80, taratibu, akiangalia spika iliyo karibu na mguu wako. Ile volti 48 ambayo mikisa hutuma kwa maikrofoni isifike kwenye soketi ya kisanduku. Iishie kwenye DI, ambayo kazi yake mojawapo ni hiyo.

Na kwa kuwa mgao wa umeme umewafundisha wanamuziki wa Afrika Kusini kutotegemea ukuta, zingatia hili: kisahani na 104 havihitaji betri wala plagi. Amplifaya ndogo ya betri yenye tundu la omu milioni 1, gita, na kisanduku hiki vinatosha kuendelea na seti pale taa za Braamfontein zinapozimika. Beba kisahani cha akiba chenye waya tayari, utepe wa pande mbili na bisibisi ya kufungulia kifuniko. Kwa hiyo kifunge kifuniko cha chini kwa skrubu, wala usikigandishe kwa gundi, maana waya ukikatika kati ya wimbo na wimbo, utahitaji kuingia humo ndani ya dakika mbili.